Arusha: Vivutio vya Asili Kandokando ya Jiji na Simulizi ya Tanzanite, Kito cha Waliozaliwa Desemba

Jiji la Arusha, lenye wakazi zaidi ya 600,000 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, linafahamika zaidi kama makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na lango la kuelekea Serengeti na Ngorongoro. Wageni wengi hulala hapo usiku mmoja na alfajiri huendelea na safari ya magharibi. Hata hivyo, ndani ya mwendo usiozidi saa mbili kutoka katikati ya jiji kuna mlima wa pili kwa urefu nchini, maziwa yaliyozaliwa na volkano, chemchemi za maji maangavu, na eneo pekee duniani ambako tanzanite huchimbwa kibiashara.

Makala haya yanaeleza vivutio hivyo, asili ya desturi ya kuhusisha vito na miezi ya kuzaliwa, simulizi zinazoizunguka tanzanite, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kununua au kuuza kito hicho.

Mlima Meru na Hifadhi ya Taifa Arusha

Hifadhi ya Taifa Arusha iko mashariki mwa jiji na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 eneo la Mlima Meru liliunganishwa nayo na jina likabadilishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Arusha.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 kutoka usawa wa bahari, ukiwa wa pili nchini baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa moto mwaka 1910. Anayeutazama kutoka upande wa mashariki huona umbo kama la kiatu cha farasi: ukuta mrefu wa mwamba uliozunguka pande tatu, na upande wa nne ukiwa wazi. Umbo hilo lilitokana na kuporomoka kwa ubavu wa mashariki wa mlima takribani miaka 8,000 iliyopita. Vifusi vya maporomoko hayo vilisambaa hadi uwanda wa chini, na katika mabonde yaliyobaki kati ya vifusi maji yalijikusanya na kuwa Maziwa ya Momella.

Maziwa hayo yana maji ya magadi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya tofauti ya viini vya madini na mimea midogo ya majini. Heroe hukusanyika humo kwa wingi katika vipindi ambavyo chakula chao kinapatikana. Katika misitu ya hifadhi wanaishi mbega weusi kwa weupe, nyani, digidigi, ngiri na nyati, huku twiga na pundamilia wakionekana katika maeneo ya wazi. Kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita takribani tatu, hutazamwa kutoka kwenye kingo zake tu; wageni hawaruhusiwi kushuka hadi chini, ili wanyama walioko humo wabaki bila kusumbuliwa.

Tofauti na hifadhi nyingi nchini, hapa mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiongozana na askari wa uhifadhi mwenye silaha, hadi kwenye Maporomoko ya Tululusia au kandokando ya maziwa. Wapandaji wa Mlima Meru hutumia siku tatu hadi nne na hulala katika vibanda vya Miriakamba na Saddle. Wengi hufanya hivyo ili kuzoesha miili yao na hewa ya juu kabla ya kupanda Kilimanjaro.

Duluti na Chemka

Karibu zaidi na jiji, katika eneo la Tengeru, liko Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta linalozungukwa na msitu wa asili ulio chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Njia ya miguu inauzunguka ukingo wake, na wageni hupiga makasia kwa mitumbwi huku wakitazama ndege wa majini na kenge wanaoota jua. Kwa familia zinazoishi jijini, ni mahali panapofikika kwa daladala na kurudi siku hiyohiyo.

Mashariki zaidi, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ziko chemchemi za Kikuletwa, maarufu kwa jina la Chemka. Maji yake hububujika kutoka ardhini yakiwa maangavu kiasi kwamba mizizi ya mikuyu huonekana chini kabisa. Licha ya jina hilo, maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu tu. Wanaotembelea eneo hilo wanakumbushwa kuwa kina chake ni kirefu kuliko kinavyoonekana kwa macho, na kwamba watoto wasiachwe kuogelea bila uangalizi wa mtu mzima.

Kipindi kizuri cha kutembelea maeneo haya ni miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na kipindi kifupi cha ukavu kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za milimani huteleza na mawingu huficha kilele cha Meru kwa siku nyingi.

Mirerani: Mahali Pekee

Kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uwanda hubadilika na kuwa mkavu. Barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 26 inaunganisha uwanja huo na mji mdogo wa Mirerani, katika Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara. Ingawa kiutawala Mirerani haiko Arusha, kwa miongo mingi biashara ya kito chake, ukataji wake na usafirishaji wake vimetegemea jiji hilo.

Eneo lenye tanzanite ni ukanda mwembamba wenye urefu wa kilomita chache tu. Mwaka 1990 Serikali iliugawa ukanda huo katika vitalu vinne: A, B, C na D. Vitalu B na D vilitengwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Vijana wanaofanya kazi migodini hujulikana kwa jina la wanaapolo, na hutoka mashimoni wakiwa weusi kwa vumbi la kinywe, madini yanayopatikana katika mwamba uleule unaobeba tanzanite.

Vito na Miezi: Desturi Ilikotoka

Imani kwamba kila mwezi una kito chake ni ya kale. Katika Biblia, Kitabu cha Kutoka kinaeleza kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu Haruni kilichopambwa kwa vito 12, kimoja kwa kila kabila la Israeli. Katika karne ya kwanza, mwanahistoria Flavius Josephus alivihusisha vito hivyo na miezi 12 ya mwaka. Baadaye, huko Ulaya, ilizuka desturi ya mtu kuvaa kito cha mwezi aliozaliwa, kwa kuamini kuwa kitamletea afya, bahati au ulinzi.

Orodha inayotumiwa leo na masonara wengi duniani ilipangwa mwaka 1912 na chama cha masonara wa Marekani kilichokutana katika mji wa Kansas City. Lengo lilikuwa kuondoa tofauti zilizokuwapo kati ya orodha mbalimbali, na kurahisisha biashara. Desemba ilipewa feruzi na lapis lazuli, vito viwili vyenye rangi ya samawati. Zirkoni iliongezwa mwaka 1952.

Mwaka 2002, chama cha wafanyabiashara wa vito nchini Marekani, American Gem Trade Association, kiliiongeza tanzanite katika orodha ya Desemba. Kwa uamuzi huo, kito kinachotoka katika wilaya moja ya Tanzania kiliwekwa katika orodha moja na almasi ya Aprili, zumaridi ya Mei na yakuti ya Julai, vito ambavyo binadamu amevijua kwa maelfu ya miaka. Tanzanite wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 35 tu tangu itambuliwe.

Ni vyema ieleweke kuwa hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba kito huleta bahati au tiba kwa aliyezaliwa mwezi fulani. Thamani ya desturi hii ni ya kijamii na kiuchumi: huwapa watu sababu ya kupeana zawadi, na huwapa wazalishaji soko la kudumu. Kwa Tanzania, kila mtoto anayezaliwa Desemba mahali popote duniani ni mteja anayeweza kutafuta kito kutoka Mirerani.

Simulizi ya Moto

Simulizi inayopendwa zaidi kuhusu tanzanite ni ya wafugaji wa Kimaasai. Husimuliwa kuwa zamani radi ilipiga nyanda za Mirerani na kuwasha nyasi. Moto ulipozimika, wafugaji waliorudi na mifugo yao walikuta mawe yaliyokuwa ya rangi ya udongo yamegeuka kuwa ya buluu kama anga. Katika shanga za Kimaasai rangi ya buluu huhusishwa na mbingu zinazoleta mvua, hivyo haishangazi kwamba simulizi hiyo ilipokewa kwa urahisi.

Simulizi hiyo ina chembe ya ukweli. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia au ya udongo, na hugeuka kuwa za buluu zinapopashwa joto. Leo mafundi hufanya kazi hiyo katika tanuru, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, na rangi inayopatikana hudumu. Lakini moto wa nyasi hupita kwa dakika chache na hauwezi kufikia mawe yaliyo makumi ya mita chini ya ardhi. Vito vilivyotoka ardhini vikiwa vya buluu tayari vilipata joto lake katika kina cha dunia.

Lipo pia dhana kwamba tanzanite ilitokana na milipuko ya Kilimanjaro au Meru, kwa kuwa milima hiyo inaonekana kutoka migodini. Dhana hiyo si sahihi. Miamba ya Mirerani ilibadilishwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana. Milima hiyo miwili ya volkano ni michanga mno ikilinganishwa na kito hicho.

Ugunduzi na Jina

Serikali inamtambua Mzee Jumanne Mhero Ngoma kuwa mgunduzi wa tanzanite, aliyeyaona mawe hayo Januari 1967. Ulikuwa mwezi mmoja kabla ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, lililoweka njia kuu za uchumi chini ya umma. Katika mwaka huohuo Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa aliyekuwa pia mtafutaji wa madini, alisajili eneo la uchimbaji, akidhani mwanzoni kuwa amepata kito cha aina nyingine.

Uchunguzi wa maabara ulionesha kuwa jiwe hilo ni aina ya zoisaiti, madini yaliyokuwa yakijulikana tangu mwaka 1805 huko Austria, lakini hayakuwahi kuonekana yakiwa na rangi hiyo ya buluu. Kampuni ya Marekani ya Tiffany & Co. iliona kuwa jina la zoisaiti halingevutia wanunuzi, kwa kuwa kwa sikio la Kiingereza linakaribiana na neno lenye maana ya kujiua. Mwaka 1968 ikakitambulisha kito hicho sokoni kwa jina la tanzanite, kwa heshima ya nchi kilikotoka. Migodi ilitaifishwa mwaka 1971.

Heshima kwa mgunduzi ilichelewa. Mwaka 1984 Mzee Ngoma alipewa hati ya kumtambua wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere. Ilipofika Aprili 2018, akiwa mzee na mgonjwa, alikabidhiwa shilingi milioni 100 na Rais John Magufuli mbele ya umma huko Mirerani. Alifariki dunia Januari 2019. Jina la tanzanite limeendelea kuenea katika maisha ya Taifa: linabebwa na timu ya taifa ya wanawake wenye umri chini ya miaka 20 na, tangu mwaka 2022, na daraja linalopita juu ya bahari jijini Dar es Salaam.

Sifa za Kito

Rangi ya tanzanite hutokana na kiasi kidogo cha madini ya vanadi. Sifa yake ya pekee ni kuonesha rangi tatu kulingana na upande kinakotazamwa: buluu, zambarau na rangi ya damu ya mzee. Baada ya kupashwa joto, rangi ya tatu hufifia na mbili za kwanza hutawala. Fundi stadi huligeuza jiwe ghafi mara nyingi kabla ya kulikata, kwa sababu upande anaouchagua ndio utakaoamua rangi itakayoonekana na uzito utakaobaki.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambapo almasi ina 10, tanzanite ina kati ya 6 na 7. Maana yake ni kwamba vumbi la kawaida lenye chembe za mchanga linaweza kuikwaruza, na pigo kali linaweza kuipasua. Inafaa zaidi kwa hereni na mkufu kuliko pete ya kila siku. Isafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na kitambaa laini, na isiwekwe katika mashine za kusafishia vito kwa mtetemo au mvuke.

Ukuta, Soko na Mapato ya Taifa

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya tanzanite iliondoka nchini kwa njia za panya ikiwa ghafi, ikakatwa na kuuzwa katika nchi nyingine. Mchimbaji alipata kidogo, Serikali ikakosa mapato, na vijana wa Kitanzania wakakosa ajira za ukataji na usonara.

Septemba 2017, Serikali iliagiza kujengwa kwa ukuta kuzunguka eneo la migodi. Kazi hiyo ilifanywa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania kwa kulitumia Jeshi la Kujenga Taifa, na ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 ukazinduliwa tarehe 6 Aprili 2018. Mwaka 2019 yalianzishwa masoko ya madini, na wachimbaji wadogo wakaondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwaka 2021 Serikali ilielekeza biashara ya tanzanite ghafi ifanyike Mirerani, ili wananchi wa eneo hilo wanufaike.

Matokeo yalionekana Juni 2020, pale mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia Serikali mawe mawili yenye uzito wa kilo 9.27 na kilo 5.1 kwa shilingi bilioni 7.7. Tukio hilo lilionesha kuwa mchimbaji anayepita katika mfumo rasmi anaweza kulipwa thamani halisi hadharani, bila kujificha.

Uhai wa Mchimbaji

Gharama ya kito hiki si fedha peke yake. Aprili 1998, mvua za El Niño zilijaza maji mashimo ya Mirerani na kuua makumi ya wachimbaji. Machi 2008 maafa kama hayo yalijirudia, na makumi wengine walipoteza maisha. Mashimo ya wachimbaji wengi yameungana chini kwa chini, hivyo maji yanayoingia katika shimo moja huwafikia walioko katika mashimo ya jirani kabla hawajapata taarifa.

Wamiliki wa leseni wanawajibika kuwa na mitaro ya kuzuia maji, ngazi na kamba imara, hewa ya kutosha, na utaratibu wa kuwatoa watu mashimoni mvua kubwa inapotabiriwa. Mwanaapolo naye ana wajibu wa kutoshuka shimoni panapokuwa na dalili ya hatari. Vumbi la migodini huathiri mapafu, hivyo wachimbaji wanahimizwa kuvaa barakoa na kupima afya mara kwa mara, ikiwamo kifua kikuu.

Mambo ya Kuzingatia

Wananchi na wageni wanaotaka kumiliki tanzanite wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni iliyotolewa na Tume ya Madini, na kudai stakabadhi inayoonesha uzito na bei. Kito kinachouzwa kichochoroni kwa bei ya kutupa mara nyingi ni kioo cha rangi, au ni mali iliyotoroshwa.

Pili, kuomba kito kikaguliwe na mtaalamu kabla ya malipo makubwa. Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC) kilichopo jijini Arusha hufundisha vijana elimu ya utambuzi, ukataji na ung'arishaji wa vito.

Tatu, kufahamu kuwa uuzaji wa vito ghafi unatozwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, kwa mujibu wa Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017. Kusafirisha madini nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai, na madini yanayokamatwa hutaifishwa.

Nne, kwa wanaotembelea hifadhi, kulipa viingilio kwa mifumo rasmi ya Serikali, kutumia waongozaji waliosajiliwa na kutoacha taka. Watanzania hulipa viwango vya chini kuliko wageni kutoka nje, wakionesha kitambulisho.

Mlima Meru utaendelea kuwapo, na msitu wa Duluti ukitunzwa huota upya. Tanzanite ikishachimbwa hairudi. Ukanda wake ni mwembamba na mashimo yanazidi kwenda chini kila mwaka. Kwa sababu hiyo, kila jiwe linalopita katika soko rasmi, likakatwa na mikono ya Kitanzania na kuuzwa kwa stakabadhi, ni shule, barabara na dawa ambazo Taifa limezipata kwa rasilimali isiyozaliwa mara ya pili.